Mlimao wa Nyumbani: Soma Mti Kwanza, Dawa Baadaye

Mlimao ukiugua hauna dalili nyingi za kuonyesha. Majani yanageuka njano, yanajikunja, maua yanapukutika, au matunda yanadondoka yangali machanga. Ugumu ni kwamba dalili moja hutokana na sababu nyingi, na tiba ya sababu moja huweza kuumaliza mti wenye sababu nyingine. Mti uliogeuka njano kwa kuoza mizizi, ukiuongezea maji na mbolea, unaua hata ile mizizi michache iliyosalia. Wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa ya sumu ya wadudu, ilhali kwenye mti wa uani shida huanzia ardhini mara nyingi zaidi kuliko kwenye majani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ukaguzi. Maelezo haya yanafaa pia kwa mdimu, isipokuwa pale tofauti inapotajwa.

Ukaguzi wa robo saa

Ufanye asubuhi, kabla hujamwagilia.

Hatua ya 1: Chimba. Chukua mwiko wa bustani au panga, fukua shimo dogo la kina cha sentimita 15 hadi 20 chini ya ukingo wa matawi, si karibu na shina. Finyanga udongo mkononi. Ukibaki donge linalong'aa na kuchuruza maji, kuna maji mengi. Ukimwagika kama unga, mti una kiu. Unuse pia, kwani udongo uliokosa hewa hutoa harufu ya mtaro. Kisha tafuta mizizi midogo yenye unene wa uzi. Mizizi mizima ni ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu na haikatiki ovyo. Ibane kati ya vidole viwili na uvute: ganda la nje likivuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba wa ndani, mizizi hiyo imeoza.

Hatua ya 2: Tazama shina kuanzia usawa wa udongo hadi magotini. Kama mti ni wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mlimao kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine, tafuta kovu la maungio. Linapaswa kuwa wazi, angalau sentimita 15 juu ya udongo. Angalia kama kuna gundi inayotoka, ganda lililopasuka, au machipukizi yanayotoka chini ya kovu.

Hatua ya 3: Yatazame majani ukijiuliza swali moja: yaliyoharibika ni ya zamani au ni machanga? Swali hili peke yake linatenganisha nusu ya matatizo. Geuza majani kumi hivi uone upande wa chini, maana wadudu wengi hujificha huko.

Hatua ya 4: Angalia kama kuna sisimizi wanaopanda na kushuka shinani. Wakiwepo, fuata msururu wao hadi mwisho. Mara nyingi utawakuta wanalinda wadudu wanaofyonza utomvu.

Hatua ya 5: Kumbuka yaliyopita. Maji ya kumwagilia yanatoka wapi? Je, mahali hapo palimwagwa kifusi, zege au chokaa wakati wa ujenzi? Mabaki ya saruji huongeza pH ya udongo (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua), na mlimao hustawi vizuri kwenye pH ya 5.5 hadi 7.

Majani ya njano

Majani ya zamani yakiwa ya kwanza kupauka, jani zima likiwa njano bila michoro, na mti ukitoa machipukizi mafupi, mti una njaa ya nitrojeni. Mlimao hula sana. Mti wa mwaka wa kwanza upe gramu 50 za mbolea ya CAN kila baada ya miezi miwili, wa mwaka wa pili gramu 100, wa tatu gramu 150. Kuanzia mwaka wa tano, kilo 1 hadi 1.5 kwa mwaka, ukigawa mara tatu, inatosha kwa mti wa nyumbani. Urea ina nitrojeni asilimia 46 na CAN takriban 27, kwa hiyo ukitumia Urea punguza kipimo karibu kwa nusu. Ongeza debe moja la samadi iliyoiva mara mbili kwa mwaka kwa mti mdogo, na madebe mawili au matatu kwa mti mkubwa. Samadi mbichi usiitumie, inaunguza mizizi.

Namna ya kuweka mbolea ina uzito uleule wa kipimo. Mwagilia kwanza, tawanya mbolea kwenye duara linaloanzia sentimita 30 kutoka shinani hadi ukingo wa matawi, ichanganye na udongo kwa juu juu tu, kisha mwagilia tena. Mizizi inayonyonya chakula iko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo jembe likizama chini ya mti unaikata. Mbolea iliyorundikwa shinani huunguza ganda na kufungua mlango wa magonjwa.

Njano inayoanzia kingoni mwa majani ya zamani na kubakiza kabari ya kijani kwenye kitako cha jani ni upungufu wa magnesiamu. Huonekana zaidi kwenye udongo wa kichanga uliooshwa na mvua. Yeyusha gramu 20 za chumvi ya Epsom kwa kila lita ya maji, pulizia majani jioni, rudia baada ya wiki mbili. Jani lililokwisha kuwa njano huenda lisirudie kijani chake, kwa hiyo pima mafanikio kwa majani yatakayofuata.

Sasa majani machanga. Yakiwa madogo, membamba, yamesimama wima, na yana mabaka ya njano katikati ya mishipa ya kijani, hiyo ni zinki. Changanya gramu 50 za salfeti ya zinki na gramu 25 za chokaa iliyozimwa katika lita 10 za maji, chuja, pulizia machipukizi yanapokaribia kukomaa. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Usiiache chokaa, kwani salfeti ya zinki peke yake huweza kuunguza majani.

Jani changa likiwa na ukubwa wa kawaida lakini limepauka hadi kukaribia weupe, huku mishipa ikibaki ya kijani kama wavu mwembamba, ni chuma. Hali hii inajulikana sana pwani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, na pia kando ya kuta mpya. Chuma kipo udongoni lakini pH ya juu imekifunga mti usikipate. Misumari yenye kutu inayozikwa chini ya mti haisaidii, maana nayo itafungwa vilevile. Ondoa kifusi unachoweza kukiona, weka mboji nyingi juu ya udongo, na tumia mbolea ya chuma ya aina ya cheleti (chuma kilichokingwa ili udongo usikifunge) kwa kipimo cha lebo. Kwa udongo wa chokaa chagua cheleti iliyoandikwa EDDHA, kwa sababu ile ya EDTA hupoteza nguvu pH inapopanda.

Lakini kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, rudi kwenye shimo la hatua ya kwanza. Mizizi iliyokosa hewa hainyonyi zinki wala chuma hata vikiwepo tele, na mti utaonyesha upungufu wa kila kitu kwa pamoja.

Maji mengi, maji machache, maji ya chumvi

Mti wenye maji mengi hunyauka kama wenye kiu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Tofauti ni hii: mti wenye kiu hujikunja mchana na kuamka ukimwagiliwa, wenye mizizi iliyozama hunyauka udongo ukiwa umelowa na hauamki.

Pima udongo wako hivi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Kwenye ujazo huu wa pili, maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 kwa saa, mahali hapo mlimao hautadumu bila tuta. Mti ulio chini ya miaka miwili ung'oe na donge la udongo wake mwanzoni mwa mvua, uupande juu ya tuta la urefu wa sentimita 30 hadi 40 na upana wa mita 1.5. Mti mkubwa usiung'oe. Chimba mfereji wa kutolea maji upande wa mteremko, mita moja na nusu kutoka shinani, na ufukue udongo uliorundikana kwenye shina.

Kwa kumwagilia, mche mpya kwenye udongo wa kichanga unahitaji lita 10 hadi 20 mara mbili au tatu kwa wiki. Mti mkubwa wakati wa kiangazi upe lita 60 hadi 100 kila baada ya siku 7 hadi 10. Maji mengi kwa nafasi ni bora kuliko kopo moja kila jioni, ambalo hulowesha uso tu. Tengeneza kisahani chenye kingo mbili: ukingo wa ndani uzuie maji yasiguse shina, wa nje uyazuie yasikimbie. Tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha kiganja kimoja bila matandazo kuzunguka shina.

Ncha za majani zikikauka na kuwa za kahawia, kisha ukavu ukapanda kingoni, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, chunguza maji. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na jamii ya machungwa ni kati ya miti isiyoivumilia. Kila wiki mbili mimina lita 80 hivi za maji matamu ya bomba au ya mvua, polepole, ili yasukume chumvi chini ya mizizi. Kama kisima ndicho pekee ulicho nacho, usimwagilie kidogo kidogo kila siku. Mwagilia kwa wingi, kisha subiri, na usirushie majani maji hayo, kwa kuwa jani nalo hunyonya chumvi.

Mlimao wa kwenye ndoo una shida zake. Chombo kiwe cha lita 40 au zaidi, chenye matundu manne hadi sita ya ukubwa wa kidole, kikiinuliwa juu ya matofali ili matundu yasizibwe na sakafu. Jaza sehemu mbili za udongo wa msituni au wa juu wa shamba, moja ya mboji, moja ya mchanga. Mbolea iwe gramu 10 tu za CAN au NPK kila mwezi. Chombo cheusi juani hupika mizizi, kwa hiyo kipake rangi nyeupe au kizungushie gunia.

Wadudu, na sisimizi wanaowalinda

Mistari ya fedha inayopindapinda kwenye majani machanga, pamoja na kingo zilizojikunja, ni kazi ya kiwavi mdogo anayechimba ndani ya ngozi ya jani. Kwenye mti uliozidi miaka minne mwache. Anaudhi macho tu, na jani lililotobolewa bado linaulisha mti, kwa hiyo usilikate. Mche mdogo ulinde kwa mafuta ya mwarobaini, mililita 5 kwa lita moja ya maji pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, kuanzia majani mapya yanapofika urefu wa sentimita moja. Rudia kila siku 7 hadi majani yakomae. Kiwavi akishaingia ndani ya jani, dawa ya juu haimfikii vizuri.

Masizi meusi yanayofunika majani si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota juu ya utamu unaodondoshwa na vidukari, wadudu gamba, inzi weupe au wale wadudu wa unga mweupe. Sisimizi hula utamu huo, na ili usikatike huwafukuza maadui wa wadudu hao. Ukiwaondoa sisimizi umekwisha kazi nusu. Fanya hivi:

Kwanza, kata matawi yote yanayogusa ardhi, ukuta, uzio au kamba ya kuanikia nguo. Pili, zungushia shina kitambaa au karatasi ngumu yenye upana wa sentimita 10, ifunge imara, kisha paka grisi juu yake. Usipake grisi moja kwa moja kwenye ganda. Tatu, pulizia upande wa chini wa majani kwa sabuni ya maji, mililita 5 kwa lita, jioni au asubuhi mapema. Rudia siku ya 5 na ya 10. Kwa wadudu gamba wenye ngao ngumu sabuni haitoshi, tumia mafuta ya kilimo (mafuta maalumu ya kupulizia mimea) au ya mwarobaini, mililita 10 kwa lita, ukianza na tawi moja na kusubiri siku mbili. Usipulize mafuta juani wala kwenye mti wenye kiu, majani yataungua. Masizi yatapukutika yenyewe.

Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ni suala jingine. Wakulima wa minazi na mikorosho wa pwani wanawathamini kwa sababu huwinda wadudu waharibifu, na kwenye mlimao hula viwavi pia. Ila nao hufuga wadudu gamba. Tunashauri uwaache kama mti hauna masizi, ukiona masizi yanaongezeka kata tawi lenye kiota.

Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege akiwa mdogo, kisha kuwa wa kijani na mnene, hutoa pembe mbili zenye harufu kali akiguswa. Anageuka kuwa kipepeo mkubwa mweusi na njano. Anaweza kuumaliza majani mche mdogo kwa siku chache. Mwokote kwa mkono, hakuna haja ya dawa.

Limao likitoka na vidole, kama mkono uliokunjwa, ni utitiri mdogo sana uliokula chipukizi la ua. Tunda hilo linalika. Mafuta ya kilimo yakipuliziwa kabla ya maua kufunguka hupunguza tatizo kwa msimu unaofuata.

Gundi shinani

Gundi ya rangi ya asali ikitoka karibu na ardhi, na ganda likilowa na kubadilika kuwa la kahawia, ni kuoza kunakosababishwa na vimelea vya fitofthora, vinavyosafiri kwa maji ya udongo. Huu ni ugonjwa unaoua milimao mingi ya uani, hasa iliyopandwa ndani sana au iliyozungushiwa sementi. Ukiuwahi unapona.

Fukua udongo hadi mizizi mikubwa ya kwanza ionekane. Kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni, kwangua ganda lililooza hadi ufikie ganda zima la kijani au jeupe, kisha ongeza sentimita moja kulizunguka. Acha kidonda kikauke siku moja au mbili. Tengeneza rojo: gramu 100 za mrututu (salfeti ya shaba) katika nusu lita ya maji kwenye chombo cha plastiki, si cha chuma, gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika nusu lita nyingine, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa ukikoroga. Paka siku hiyohiyo, kwa brashi, kuanzia chini ya kidonda hadi nusu mita juu. Vaa glovu na ulinde macho. Rudia kabla ya kila msimu wa mvua. Udongo uliofukua usiurudishe. Kama gundi imeshalizunguka shina zaidi ya nusu, mti huo anza kuutafutia mrithi.

Maua yapo, malimao hayapo

Mlimao hutoa maua mengi kuliko matunda unayoweza kubeba, na sehemu kubwa ya maua na vitunda vya ukubwa wa punje ya njegere hudondoka. Hilo ni jambo la kawaida. La kutia wasiwasi ni matunda yenye ukubwa wa goroli na zaidi kudondoka kwa wingi, ambalo mara nyingi hufuata kiu ya ghafla wakati wa upepo mkavu, au mafuriko baada ya kiu.

Mti usiotoa maua kabisa una sababu chache za kuchunguza. Wa mbegu huweza kuchukua miaka mitano hadi saba na zaidi, wa kubebeshwa miwili au mitatu. Kivuli: unahitaji jua kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku. Nitrojeni nyingi: majani mapana ya kijani kizito, matawi marefu yenye miiba, hakuna ua. Na maji yasiyokatika. Katika joto letu, kipindi cha ukavu ndicho kinachouamsha mti utoe maua. Kwa mti uliokomaa na wenye afya, punguza maji wakati wa kiangazi kwa wiki nne hadi sita, mpaka majani yaanze kujikunja kidogo mchana. Kisha mwagilia kwa wingi na uweke mbolea. Vitumba huonekana baada ya wiki tatu au nne. Mche mdogo na mti mgonjwa usiufanyie hivyo, wala ule wa kwenye ndoo, maana utakauka kabla ya wiki ya pili.

Kwa mdimu, tazama kama maua na ncha za machipukizi zinanyauka na kuwa nyeusi wakati wa mvua. Huo ni ukungu unaoshika ndimu ndogo. Kata ncha zilizokufa, zichome, na pulizia oksikloridi ya shaba, kwa kawaida gramu 50 kwa bomba la lita 20 ila lebo ndiyo inayoamua, vitumba vinapoanza na tena baada ya siku 10 hadi 14.

Malimao yakibadilika ghafla na kuwa ya mabonjebonje, yenye ganda nene na mbegu tele, angalia chini ya kovu la maungio. Yumkini shina la chini limetoa tawi na kuushinda mti. Machipukizi ya huko yanyofoe kwa mkono yakiwa laini, yakikatwa kwa mkasi hurudi mengi zaidi.

Ugonjwa usiopona

Baki na jambo moja zito. Chukua jani lenye mabaka ya njano, likunje katikati kwa urefu. Michoro ikilingana pande zote mbili, ni njaa ya madini. Isipolingana, baka hapa na kijani pale bila mpangilio, na tawi moja likiwa limeugua kabla ya mengine, huku matunda yakiwa madogo, yamepinda upande na yanabaki kijani kitakoni, shuku ugonjwa wa ukijani wa michungwa. Unaletwa na bakteria wanaosambazwa na wadudu warukao, wadogo kama vidukari. Yule wa asili ya Afrika hupenda nyanda za baridi na huacha vivimbe juu ya jani vyenye vishimo upande wa chini. Yule wa kutoka Asia, aliyekwisha kuingia Tanzania na Kenya, huvumilia joto la pwani.

Mwite afisa ugani authibitishe. Ukithibitika, pulizia dawa ya kuua wadudu hao kwanza ili wasihamie kwa jirani, kisha ung'oe mti mzima na mizizi yake. Kukata tawi lililougua hakusaidii, kwa sababu bakteria wamekwisha kusambaa ndani. Usichukue kikonyo cha kubebeshea kutoka mti huo, wala usibebe miche kutoka eneo lenye ugonjwa.

Mche wa kuziba pengo ununue kwenye kitalu kinachojulikana: kovu la maungio liwe sentimita 20 au zaidi juu ya udongo, majani yasiwe na vivimbe wala gamba, na mizizi isiwe imejizungusha kwenye kiriba. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyoiva, na panda mche ukiwa juu kidogo kuliko ulivyokuwa kwenye kiriba. Udongo uliofukuliwa hudidimia kwa mvua za kwanza, na mche uliopandwa sawasawa na ardhi utajikuta umekaa shimoni.